Jiko la mkaa chumbani kwa bibi: mtunza mgonjwa wa nyumbani afundishwe nini

Julai moja, Uyole, jijini Mbeya, bibi yangu na binti aliyekuwa akimtunza waliamka wote wawili na kichwa kinachopasuka. Binti alitapika mara mbili kabla hajafika mlangoni. Bibi, ambaye upande wake wa kulia ulikuwa umepooza tangu mwaka uliotangulia, alikuwa anaitikia kwa shida, macho mazito kama mtu aliyekesha kwenye ulanzi. Jirani akasema maharage ya jana yalikuwa yamechacha. Shangazi akasema malaria, maana kwetu kila kitu ni malaria mpaka ithibitike vingine. Hakuna aliyelitazama jiko la mkaa lililokuwa miguuni mwa kitanda, limejaa majivu meupe.

Binti yule hakuwa mzembe. Alipika maharage nje, akasubiri mkaa uive na moshi uishe kabisa, ndipo akaliingiza jiko ndani ili bibi apate joto. Akafunga dirisha. Upenyo wa chini ya mlango akauziba kwa kitenge chake mwenyewe. Yote hayo aliyafanya kwa kumpenda bibi, na nusura yamuue.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kumtunza mgonjwa nyumbani hakuhitaji shule, kunahitaji moyo. Moyo binti alikuwa nao. Alichokosa ni saa chache za kuelezwa na kuonyeshwa. Ukichunguza madhara mengi yanayowapata wazee na wagonjwa majumbani, utakuta yameanzia kwenye jambo jema: kumpasha joto, kumlisha ashibe, kumwacha apumzike, kumsitiri mbele ya wageni. Mafunzo ya awali ya mhudumu wa nyumbani, ukiondoa maneno makubwa, ni kujua ni wema gani unageuka sumu, na kwa nini.

Tuanze na huo mkaa. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Makete na Njombe ndiyo usiseme. Mtu mzima mwenye nguvu anajikunyata na kusonga mbele. Mzee aliyelala muda wote hana misuli ya kumpa joto, na wengi hawasemi kwamba wanasikia baridi. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 anaanza kusinzia ovyo, maneno yanakuwa mazito, na ukimgusa tumboni chini ya nguo unakuta pabaridi. Kwa hiyo hofu ya binti ilikuwa ya kweli. Dawa yake ndiyo ilikuwa mbaya.

Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Sisi tunauogopa moshi kwa sababu unatukohoza, na moshi ukiisha tunaona hatari imepita. Kumbe kaa jekundu lisilo na moshi linaendelea kuitoa gesi hiyo kimyakimya. Mtu akiivuta, inashika himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu inazunguka kama daladala iliyojaa abiria wasiotaka kushuka, na oksijeni inabaki kituoni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inaisha nguvu; aliyelala anaweza asiamke kabisa. Dalili ya kuikamata ni moja: watu wawili au watatu waliolala chumba kimoja wanaugua kwa pamoja, kisha wakitoka nje wanaanza kupata nafuu. Hapo usichemshe chai kwanza. Toa watu nje, acha milango na madirisha wazi, nenda hospitali ukaseme wazi kwamba mlilala na jiko, kwa sababu tiba ni oksijeni, na daktari asipoambiwa ataanza kutafuta malaria.

Joto litoke wapi sasa? Soksi, kofia ya sufu, nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito, blanketi chini ya mgonjwa na siyo juu tu, uji wa moto jioni. Chupa ya maji ya moto inafaa, ila nayo ina mtego. Mtu aliyepooza, au mwenye sukari ya miaka mingi, anaweza asihisi chochote miguuni. Chupa inamuunguza usiku kucha, naye anakuambia yuko salama. Weka chupa kitandani nusu saa kabla hajapanda, ikiwa imezungushiwa taulo, kisha iondoe. Na maji ya kumwogeshea usiyapime kwa kiganja kilichozoea kushika sufuria. Yapime kwa kiwiko.

Baridi hiyohiyo inagongana na somo jingine. Hewa ya chumba cha mgonjwa anayekohoa inatakiwa izunguke, hasa kabla hajapimwa kifua kikuu. Na kikohozi kikifika wiki 2 hakuna tena cha kusubiri, ni kwenda kupima makohozi. Vijidudu vya kifua kikuu husafiri kwa hewa na hupendelea chumba kilichofungwa chenye giza. Binti anayelala humo, madirisha yamezibwa kwa maboksi kuanzia Mei hadi Agosti, anavuta hewa ileile miezi minne. Tulichofanya sisi ni kufungua dirisha kuanzia saa nne asubuhi, jua likishashika, mgonjwa akiwa amefunikwa vizuri, na kulifunga saa kumi jioni. Usiku tunaacha upenyo mdogo juu. Si suluhisho kamili, lakini ni bora kuliko maboksi.

*

“Mwacheni apumzike.” Hii kauli imewaozesha watu.

Ngozi inaishi kwa damu inayopita kwenye mishipa midogo sana. Mfupa wa nyuma ya kiuno, wa nyonga au wa kisigino ukiikandamiza ngozi dhidi ya godoro, mishipa hiyo inabanwa na damu haipiti. Wewe na mimi tunajigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza hajigeuzi. Ndani ya saa chache nyama inaanza kufa, na inaanzia chini, karibu na mfupa, kabla juu hapajaonyesha kitu. Ndiyo maana kidonda cha kitandani kinaweza kuonekana kidogo kama shilingi, na muuguzi akikisafisha unakuta shimo linaloingia vidole viwili.

Kanuni ya kawaida ni kumgeuza kila baada ya saa mbili. Sasa hili la kumgeuza ndilo watu hulisikia redioni wakadhani wamelijua. Hebu tulitazame kwa karibu.

Simama upande ule ambao mgonjwa atageukia, ili akija aje kwako; ukimsukuma kwenda upande usio na mtu, siku moja atafika sakafuni. Mwambie unachotaka kufanya, hata kama hajibu: “Bibi, tunageuka kuja kwangu.” Vusha mkono wake wa mbali upite kifuani. Kunja goti lake la mbali, unyayo ukanyage godoro. Kiganja kimoja weka nyuma ya bega, kingine nyuma ya nyonga, kisha vuta polepole huku ukiegemea nyuma kwa uzito wako mwenyewe, kama anayefungua geti zito. Mgongo wako usipinde. Magoti ndiyo yapinde. Usimgeuze mpaka alalie mfupa wa nyonga wima, maana hapo umehamisha tatizo tu. Mwache nusunusu, mgongo ukiegemea mto. Mto mwingine kati ya magoti. Wa tatu chini ya vigimbi vya miguu, visigino vining'inie bila kugusa kitu. Hamna mito mitatu? Blanketi kuukuu lililokunjwa linatosha.

Kila unapomgeuza, tazama. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitegemee wekundu wa kwenye picha za vitabu. Tafuta pamekuwa peusi zaidi au pana rangi ya zambarau, pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au palaini kama embe lililogongwa. Ukipakuta, mgonjwa asipalalie tena mpaka parudi hali yake. Na tafadhali usipakande. Najua mkono unawasha kupaka mafuta na kusugua, shangazi zetu wote wamefanya hivyo, lakini mishipa ya hapo imeshajeruhiwa na kusugua kunaimalizia.

Kumsogeza kuelekea kichwani mwa kitanda kwa kumburuza kunachuna ngozi. Watu wawili washike shuka alilolalia, huku na huku, wainue kidogo na kusogeza. Kumvuta kwa makwapa kusiwepo kabisa: bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishikilia, linachomoka. Kama anaweza kusimama, mfunge kitenge kilichokunjwa kiunoni, imara, kisha shika hapo. Mkalishe ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama, kwa sababu watumiaji wa dawa za presha, presha huwashuka ghafla wakiinuka. Akianza kuanguka mikononi mwako usishindane na uzito wake. Mwegemeze kwenye mguu wako na umshushe polepole hadi chini. Mtashuka wote na mtainuka wote.

Kuanguka kwenyewe, huku nyanda za juu, sehemu kubwa ni habari ya choo cha nje, tope la mvua za Desemba hadi Aprili, na kandambili zilizolika. Ndoo yenye mfuniko chumbani usiku imeokoa nyonga nyingi. Wazee wanaionea aibu, hasa ikibidi mkwe aimwage. Hapo ndipo hekima ya mhudumu inapopimwa: ndoo iwekwe bila hotuba, na itoke kabla watu hawajaamka.

*

Chakula. Baada ya kiharusi misuli ya koo nayo inaweza kuwa imepooza, na chakula kinakosa njia, kinaingia mapafuni badala ya tumboni. Watu wanajua hatari ya kukabwa. Wasilolijua ni kwamba maji ya kawaida ndiyo huponyoka kirahisi zaidi kuliko uji mzito, na kwamba mgonjwa anaweza kuyaingiza mapafuni bila kukohoa hata kidogo. Unakuja kuona homa na pumzi za haraka siku mbili baadaye. Sikiliza sauti yake akishameza. Ikiwa na majimaji, kama mtu anayeongea huku ana maji kooni, acha kumlisha hapohapo na uwaone wahudumu wa afya.

Mlishe akiwa amekaa, mgongo wima, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Keti usawa wake. Ukisimama atainua kichwa kukutazama, na kichwa kikiinuka koo linafunguka upande wa hewa. Kijiko cha chai, siyo cha mezani, na kiende upande wa mdomo wenye nguvu. Subiri koo lipande na kushuka kabla ya kijiko kingine. Akimaliza, pekua shavu lililopooza, mara nyingi kuna tonge la ugali limejificha humo, halafu abaki amekaa nusu saa. Ndizi zilizopondwa na parachichi, ambavyo Rungwe havikosekani, ni chakula kizuri kwa watu hawa kuliko kande. Bibi yangu alizipenda kande. Tuligombana sana.

Upande mwingine kuna wema wa kumnyima maji jioni ili asilowanishe kitanda. Mkojo unakuwa mzito na mweusi kama chai ya rangi, maambukizi ya njia ya mkojo yanafuata, na mzee anaanza kuongea na marehemu. Familia inaita mchungaji. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee, ndani ya siku moja au mbili, ni dalili ya mwili: maambukizi, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, nimonia, wakati mwingine bila homa yoyote. Mchungaji aje, lakini bajaji ya kwenda hospitali itangulie.

Kuna hili la mpira wa mkojo, ambalo sijawahi kuliona kwenye kipeperushi chochote. Wageni wanabisha hodi, na mhudumu kwa heshima anauinua ule mfuko ulioning'inia pembeni na kuuficha kitandani chini ya blanketi. Mkojo uliokaa ndani ya mfuko unarudi kwenye kibofu na vijidudu vyake. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote, usiguse sakafu. Ukitaka kumsitiri, tundika kanga mbele yake.

Dawa nitazipitia haraka, maana mengi yake ni kuacha kufanya. Mhudumu wa nyumbani anakumbusha, anatoa kilichoandikwa, anaandika kwenye daftari saa ngapi kimemezwa. Haongezi, hapunguzi, hafidii dozi iliyosahaulika kwa kutoa mbili. Vidonge vya jirani “vilivyomsaidia sana” vinarudi kwa jirani. Diklofenaki ya duka la dawa kwa maumivu ya magoti inaweza kumpandishia mzee presha na kumharibia figo. Mwenye sukari aliyechoma insulini kisha akakataa chakula ni wa kuangaliwa kwa jicho la karibu: akilowa jasho asubuhi ya baridi ya Mbeya, akitetemeka au kusema ovyo, na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni. Huyo ni wa hospitali.

*

Nyanda za juu kusini si wageni wa kazi hii. Miaka ya UKIMWI kushika kasi, wagonjwa walirudishwa majumbani, na huduma za wagonjwa majumbani zikajengwa na wahudumu wa kujitolea waliotembea kijiji hadi kijiji na mikoba yao ya glavu na panado. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 bado ulizikuta Njombe (asilimia 12.7), Iringa (11.1) na Mbeya (9.6) zikiongoza Tanzania Bara kwa maambukizi, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Kwa hiyo muulize mama yeyote wa makamo huku habari ya jiki na glavu, atakujibu. Sehemu 1 ya jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji kwa ajili ya damu iliyomwagika, iache dakika 10, tengeneza mpya kila siku, usiichanganye na dawa ya choo kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Mikono kwa sabuni, glavu au bila glavu. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni bila kuminya, wahi kituoni kabla ya saa 72, utapewa dawa za siku 28. Na siri ya mgonjwa wako haitoki nje ya chumba. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema hivyo, na hata isingesema.

Lakini elimu hiyo ilitengenezwa kwa ugonjwa ule na kwa wakati ule. Wagonjwa wa leo, ambao dawa za kufubaza virusi zimewafikisha uzeeni pamoja na wenzao, wamelazwa na kiharusi, sukari, saratani, nyonga iliyovunjika. Wanahitaji mtu anayejua kugeuza, kulisha na kusimamisha. Hayo mikoba ile haikuyabeba.

Marekani, mhudumu wa afya wa nyumbani anayetumwa na wakala anayelipwa na bima ya serikali ya Medicare lazima awe na angalau saa 75 za mafunzo, 16 kati yake zikiwa za vitendo chini ya usimamizi, na saa 12 nyingine kila mwaka. Kwetu, mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unawapa mafunzo ya miezi 6, na ni jambo jema. Ila mhudumu huyo ana kaya nyingi za kuzungukia. Anayelala chumba kimoja na mgonjwa ni mkwe, mjukuu aliyeacha shule, au dada wa kazi aliyeletwa juzi kutoka Ludewa, ambaye aliambiwa atafua na kupika na akakuta mzee kitandani. Kumwamsha huyo kila saa mbili usiku, siku saba kwa wiki, bila wa kumpokea, ni kutafuta ajali nyingine. Gawaneni zamu. Wajomba wanaopiga simu kutoka Dar kuuliza “anaendeleaje” watume nauli ya mtu wa kupokezana.

Mafunzo yenyewe yapo karibu kuliko tunavyodhani. Siku mgonjwa anaporuhusiwa, iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Tosamaganga au Ikonda, wodini kuna muuguzi ambaye amemgeuza na kumlisha wiki nzima. Desturi yetu siku hiyo ni ndugu mwenye sauti kwenda kulipa bili, wengine wakikusanya mabeseni, na binti atakayebaki na mgonjwa anasubiri nje na mizigo. Mwiteni aingie. Muuguzi amwonyeshe mara moja, kisha yeye arudie kwa mikono yake, muuguzi akiwa amesimama pembeni akimsahihisha, kabla bajaji haijaitwa.